Tangi Dogo la Maji ya Bahari: Pima Maji Kabla ya Kununua Samaki

Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Tumeletewa swali na kikundi cha vijana wa Majengo, hapa kisiwani Mombasa. Wameweka akiba kidogo kidogo, na sasa wanataka kununua tangi la kioo, walijaze maji ya bahari, watie samaki wa rangi na matumbawe, kisha waliweke ukumbini ili watoto wa shule waje kutazama kwa ada ndogo. Nia yao ni nzuri. Mtoto wa Majengo anaweza kukua karibu na bahari na asiwahi kuona mwamba ulivyo chini ya maji, kwa maana mashua na miwani ya kuzamia si vitu vya kila mzazi.

Swali lao lilikuwa hili: "Tununue samaki gani kwanza?"

Jibu letu ni kwamba hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni: maji yatakuwaje? Katika tangi dogo mtu hafugi samaki, anafuga maji. Maji yakiwa mazima, samaki ataishi. Maji yakiharibika, samaki wa bei ghali na wa bei rahisi watakufa pamoja, na akiba ya kikundi itaelea nao juu ya maji.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya vijana hao, na pia kwa vikundi vya wavuvi wanaoweka samaki hai kwenye matangi wakimngoja mnunuzi. Mambo ni yale yale.

KWA NINI TANGI DOGO NI GUMU KULIKO BAHARI

Bahari ni kubwa mno. Samaki akifa mwambani, kaa na wenzake humla, na uchafu unaobaki hupotea ndani ya maji mengi. Mvua ikinyesha, bahari haijali. Jua likiwaka, maji ya juu hupata joto lakini ya chini hukaa vile vile.

Tangi la lita 100 halina nafasi hiyo. Samaki mmoja aliyekufa nyuma ya jiwe usiku anaweza kuchafua maji yote kabla ya alfajiri. Ndiyo sababu tunawashauri wanaoanza wasinunue tangi dogo sana ati kwa kuwa ni rahisi. Lita 100 ni mwanzo mzuri, na lita 200 ni bora zaidi. Maji yakiwa mengi, makosa hutokea polepole, na mtu hupata muda wa kurekebisha.

Lakini kumbukeni uzito. Lita 100 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 102, bila kuhesabu kioo na mawe. Meza ya kawaida ya mbao haitoshi. Fundi atengeneze meza ya nguvu, iliyonyooka sawasawa, kwenye sakafu ya chini.

MAJI YATOKE WAPI?

Watu husema, "Sisi tuko pwani, maji ya bahari ni bure." Ni kweli, lakini si maji yote ya bahari yanafaa.

Msichote maji ya mkono wa bahari wa Tudor. Majitaka ya mji huingia huko bila kusafishwa. Msichote Kilindini wala Bandari ya Kale, kwa sababu ya mafuta na uchafu wa vyombo. Na msichote popote siku za mvua kubwa za masika, maana maji ya mito na mitaro huipunguza chumvi na kuleta tope.

Maji mazuri ni ya bahari kuu, nje ya mwamba, yaliyochotwa na mvuvi mnayemwamini wakati maji yamejaa. Siku za bamvua, maji yakiwa yanaingia, ndizo bora, kwa kuwa maji safi ya nje husukumwa kuja ndani. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, maji huwa maangavu kuliko wakati wa kusi.

Mitungi ya kuchotea iwe ya plastiki na iwe ya kazi hiyo tu. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa, sabuni au dawa usitumike hata ukioshwa mara kumi. Chujeni maji kwa kitambaa safi cheupe, myaweke gizani siku chache, kisha muyapulizie hewa kwa pampu kabla ya kuyatumia.

Je, kama mtu yuko mbali na bahari? Akitia chumvi ya jikoni kwenye maji ya mfereji, si yatakuwa maji ya bahari? La. Tazameni chumvi inavyotengenezwa huko Gongoni, Kaunti ya Kilifi. Maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa yakauke kwa jua. Kwanza hutua chokaa na jasi. Kisha hutua chumvi yenyewe. Magnesi na madini mengine mengi hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, ambayo humwagwa. Chumvi ya mezani basi ni sehemu moja tu ya bahari, tena imeongezwa madini joto kwa afya ya binadamu. Kwa tangi kuna chumvi maalumu ya dukani, yenye madini yote kwa kiasi chake. Kama hamna maji safi ya bahari, hiyo ndiyo ya kununua.

CHUMVI: SOMO LA SUFURIA YA MCHUZI

Maji ya bahari yetu yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Chombo cha kupimia huitwa haidromita. Maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, husoma 1.000. Maji ya bahari husoma karibu 1.025. Kwa tangi lenu, kaeni kati ya 1.024 na 1.026.

Kila siku maji kidogo hupanda hewani kama mvuke. Hapa ndipo wengi huanguka. Maji yakipungua, wanachukua mtungi wa maji ya bahari na kujazia. Katika kikao kimoja mweka hazina aliuliza, "Jamani, si ni tangi la maji ya bahari? Kwa nini tujazie maji matamu?" Mama mmoja mtu mzima akamjibu, "Mwanangu, mchuzi ukipungua jikoni, waongeza chumvi? Si waongeza maji?"

Jibu la mama huyo ndilo somo lote. Hebu tufanye hesabu.

Tangi la lita 100 lina gramu 3,500 za chumvi. Lita 10 zikipanda hewani, chumvi haiendi nazo. Zimebaki lita 90 zenye gramu zile zile 3,500, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Ukiongeza lita 10 za maji matamu, unarudi kwenye gramu 35. Lakini ukiongeza lita 10 za maji ya bahari, umetia gramu 350 nyingine: jumla 3,850, yaani gramu 38.5 kwa lita. Ukirudia mara ya pili, ni gramu 42. Mara ya tatu, ni gramu 45.5. Samaki hajaonyesha dalili, maji ni maangavu kama kioo, na viumbe wanakauka wakiwa ndani ya maji.

Pigeni mstari kwa kalamu ubavuni mwa tangi mahali maji yanapofika. Kila asubuhi mjazie maji matamu mpaka kwenye mstari. Kufanya kidogo kila siku ni bora kuliko lita nyingi mara moja kwa wiki.

MAJI MATAMU YA KUJAZIA

Maji matamu nayo si yote sawa.

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na ni jambo jema kwetu sisi wanywaji. Kwa samaki klorini ni sumu. Ukiyaweka maji kwenye ndoo wazi usiku kucha na kuyapulizia hewa, klorini hupungua. Lakini madini ya shaba kutoka kwenye mabomba na nitrati haviondoki kwa njia hiyo. Shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe hata kama samaki hajadhurika.

Maji ya kisima cha Majengo msiyatumie kabisa. Kisiwa cha Mombasa ni jiwe la matumbawe lenye matundu kama sponji. Maji ya bahari hupenya chini, ndiyo maana visima vingi vina chumvichumvi. Na maji ya vyoo vya shimo hupenya vile vile, yakaleta nitrati.

Maji bora ya kujazia ni yale yanayosafishwa kwa mashine ya kutoa chumvi na kuuzwa kwa mtungi katika maduka ya maji mitaani. Mkiyapima na haidromita yasome 1.000.

Hapa tutoke kidogo kwenye tangi tuingie jikoni. Nitrati inayotusumbua kwenye tangi ina hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto hao, kwa sababu nitrati nyingi huizuia damu kubeba hewa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Ni ile ile hesabu ya mchuzi: maji yanapungua, nitrati inabaki na kukolea. Mama mwenye mtoto mchanga asitumie maji ya kisima kilicho karibu na vyoo, hata yakichemshwa.

JOTO

Bahari ya Mombasa huwa na nyuzi kama 25 mwezi wa Agosti na hupanda mpaka karibu 29 mwezi wa Machi na Aprili. Tangi liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Huku kwetu hatuhitaji chombo cha kupasha maji moto. Shida yetu ni kuyapoza.

Matumbawe huishi karibu sana na mwisho wa uwezo wake. Joto la maji likizidi lile la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu, na likakaa hivyo wiki kadhaa, matumbawe huwatoa vijimea wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakageuka meupe. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, jambo hilo lilitokea pwani yetu yote, na matumbawe mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, sembuse tangi lililo chini ya paa la mabati saa nane mchana?

Fanyeni hivi:

1. Wekeni tangi mbali na dirisha la jua, na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.
2. Elekezeni feni ndogo juu ya uso wa maji. Maji yanayopanda hewani hupoza yaliyobaki, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Lakini mtajazia maji matamu mara nyingi zaidi.
3. Siku ya joto kali, eleeni chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri yenye barafu ndani. Msitie barafu yenyewe majini. Joto lishuke polepole.

Kumbukeni pia kwamba maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Samaki akipanda juu na kuhema mdomo wazi, angalieni joto na pampu ya hewa kwanza.

SUMU ISIYOONEKANA

Tumefika kwenye sababu inayoua samaki wengi wa wanaoanza.

Samaki hutoa uchafu, na chakula kilichobaki huoza. Vyote hutoa amonia. Amonia haina rangi. Macho hayaioni, na ikifika kiasi cha pua kuinusa, samaki wamekwisha kufa. Tena katika maji ya bahari ni kali kuliko katika maji matamu, kwa sababu ya pH yake ya juu.

Mungu ameweka bakteria wadogo sana wanaofanya kazi ya kuisafisha. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na ndani ya chujio. Katika tangi jipya hawapo wa kutosha, na huongezeka polepole. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Kwa hiyo tangi likae bila samaki muda huo wote. Tunajua ni vigumu. Wanachama watauliza, "Tumetoa pesa, mbona tunatazama mawe?" Mwenyekiti awaeleze mapema, katika mkutano, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Utaratibu ni huu:

1. Jazeni tangi, tieni mawe, washeni pampu.
2. Tieni kipande kidogo cha kamba mbichi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kitaoza na kutoa amonia, chakula cha bakteria.
3. Pimeni amonia na nitriti kila baada ya siku 2 kwa dawa za matone, na muandike. Amonia itapanda kisha ishuke. Nitriti itapanda nyuma yake, nayo ishuke. Nitrati itaanza kuonekana.
4. Amonia na nitriti zikiwa 0 zote mbili, tieni tena chakula kidogo. Zikirudi 0 katika muda wa siku moja, bakteria wametosha.
5. Badilisheni sehemu ya maji ili kupunguza nitrati, ndipo mnunue samaki mmoja au wawili wadogo. Ngojeni wiki 2 au zaidi mkipima, kabla ya kuongeza mwingine.

Msihesabu siku, hesabuni vipimo. Wiki 6 zikipita na nitriti bado ipo, ngojeni.

Kuhusu mawe: msing'oe jiwe hai baharini. Pwani yetu ina mawe ya timbo, yale yale ya kujengea, ambayo ni matumbawe ya zamani. Chagueni vipande vyenye matundu, visivyoguswa na saruji wala chokaa iliyochomwa, maana hivyo hupandisha pH kwa ghafula. Visugueni, vilowekeni ndooni wiki nzima mkibadilisha maji, kisha mpime maji ya ndoo kabla ya kuvitia tangini.

pH NA CHAKULA CHA MATUMBAWE

pH ni kipimo cha ukali wa maji. Maji ya bahari yawe kati ya 8.0 na 8.4. Usiku hushuka kidogo kwa kuwa viumbe hupumua na mimea hailishwi na jua. Ikisoma 7.8 alfajiri, msiwe na hofu. Ikikaa chini ya hapo mchana, fungueni madirisha. Ukumbi uliojaa watu na kufungwa huwa na hewa nzito, na hewa hiyo huingia majini na kushusha pH.

Kinachoizuia pH isiyumbe huitwa alkali. Ni kama akiba ya kikundi: ikiwepo, shida ndogo haziwaangushi. Matumbawe huitumia alkali pamoja na kalisi kujenga mifupa yake, hivyo akiba hupungua kila siku. Tangi la samaki wachache hurudishiwa madini hayo kwa kubadilishwa maji tu. Tangi la matumbawe magumu huhitaji kupimwa na kuongezwa kila mara. Ndiyo sababu tunasema: mwaka wa kwanza, msiweke matumbawe magumu.

VIPIMO VYA KUBANDIKA UKUTANI

Chumvi: 1.024 hadi 1.026 (karibu gramu 35 kwa lita)
Joto: nyuzi 25 hadi 28
pH: 8.0 hadi 8.4
Amonia: 0
Nitriti: 0
Nitrati: chini ya 20 kwa samaki; chini ya 10 kukiwa na matumbawe
Fosfati: chini ya 0.1

Kwa wenye matumbawe tu:
Alkali: 8 hadi 11 (kwa kipimo cha dKH)
Kalisi: 400 hadi 450
Magnesi: 1,250 hadi 1,350

Amonia, nitriti, nitrati, fosfati, kalisi na magnesi hupimwa kwa miligramu katika lita.

Tuongeze neno moja. Msikimbizane na namba. Tangi linalokaa kwenye 1.024 siku zote ni bora kuliko linaloruka kutoka 1.022 hadi 1.027 kwa sababu kila mwanachama anarekebisha kwa mkono wake. Mabadiliko ya ghafula huua hata yakiwa yanaelekea kwenye namba nzuri.

KUGAWANA KAZI

Tangi la wote lisilo na mwenyewe hufa. Gawaneni hivi:

Kila siku: mtu mmoja, kwa zamu, apime joto, ajazie maji matamu, ahesabu samaki, awalishe kidogo. Chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika 2. Watoto wanaotembelea wasitupe mkate.

Kila wiki: watu wawili wapime chumvi, pH, amonia, nitriti na nitrati, waandike kwenye daftari na kutia sahihi. Kisha wabadilishe lita 10 katika kila 100. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya tangini.

Mbona kila wiki? Tazameni hesabu. Nitrati ikifika 40, ukibadilisha lita 10 kati ya 100 inashuka hadi 36 tu. Ukiiachia ipande, kuishusha ni kazi kubwa. Kuzuia ni rahisi.

Amonia ikisoma 0.25 au zaidi na samaki wako ndani, msingoje mkutano. Acheni kulisha, tafuteni kilichokufa, badilisheni nusu ya maji siku hiyo hiyo, na mpime tena kesho.

STIMA

Maji ya chumvi hupitisha stima vizuri sana. Kabla ya mkono kuingia majini, zimeni swichi ukutani. Kila waya uning'inie chini kidogo kuliko tundu la stima kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya. Mtoto asiguse kitu chochote cha nyuma ya tangi.

Stima ikipotea, adui wa kwanza ni kukosa hewa. Nunueni pampu ndogo ya betri. Kama hamna, mtu achote maji kwa kikombe safi na kuyamimina kutoka juu, dakika chache, mara kwa mara. Msilishe mpaka stima irudi.

MWAMBA NI WA NANI?

Kundi likipata tangi, shauku ya kwanza ni kwenda na kapu baharini. Tusimame hapo. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986, ni marufuku kuchukua samaki, matumbawe au kombe. Anayekusanya samaki wa mapambo kwa biashara ni lazima awe na leseni ya uvuvi. Matumbawe magumu yamo pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa.

Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi waliona mwamba wao ukiisha kwa uvuvi uliokithiri na kwa kuchukuliwa viumbe wa mapambo. Mwaka 2005 wakafunga sehemu ya bahari yao wenyewe, na samaki wakarudi. Tangi linalowafundisha watoto kupenda mwamba lisianze kwa kuuvunja. Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, mwombeni risiti. Msimnunue samaki yeyote msiyejua anakula nini wala anakua kiasi gani. Na kombe hai zenye umbo la pia msizishike kabisa, kwani baadhi yake zina mwiba wa sumu unaoweza kumwua mtu.

Kwa ushauri zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao yake Mkomani, ng'ambo tu ya Mji wa Kale. Nendeni na daftari lenu la vipimo. Mtaalamu hawezi kumsaidia mtu anayesema "maji yalikuwa safi tu." Anaweza kumsaidia anayesema "Jumatatu nitriti ilikuwa 0, Alhamisi ikawa 1."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, akiba yetu inatosha kununua vifaa vya kupimia kabla ya tangi lenyewe? Kama haitoshi, tungoje miezi mingapi?
2. Nani atakuwa na zamu wakati wa Ramadhani, Krismasi na likizo, wenzetu wakiwa wamesafiri?
3. Tangi letu lina lita 150. Lita 15 zimepanda hewani. Tujazie maji gani, na kwa nini? Fanyeni hesabu kama ile ya lita 100.
4. Kisima kilicho karibu nasi kiko umbali gani kutoka kwa choo cha shimo? Ni nani mtaani anamkorogea mtoto mchanga maziwa kwa maji hayo?
5. Daftari la vipimo litakaa wapi, na nani atalisoma mbele ya mkutano kila mwezi?

Kikundi kikiweza kujibu maswali haya matano, ndipo kiulize: "Tununue samaki gani kwanza?"